Nyumba ya ndoa inapouzwa huku mzazi mmoja akidaiwa matunzo ya mtoto

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa migogoro inayowafikisha wanandoa wengi wa mijini mahakamani, hakuna unaochanganya kama ule ambao nyumba na matunzo ya watoto vinaletwa mezani kwa pamoja. Nyumba ina majina mawili. Mmoja amehama, hajatoa fedha za mtoto kwa miaka miwili, na sasa anataka nyumba iuzwe ili achukue nusu yake aende zake. Mwenzake amebaki na watoto, na anajiuliza maswali matatu: Je, naweza kukataa kusaini? Je, deni la mtoto litakatwa wapi? Je, nikikubali kuuza nitakuwa nimelisamehe?

Majibu yamo katika sheria zaidi ya moja, ndiyo maana wengi hupotea njiani. Kwa Tanzania Bara, kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo ndiyo inayoeleza namna hukumu inavyokazwa. Zanzibar ina utaratibu wake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haifiki huko. Makala haya yanahusu Bara pekee.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa mume na mke wa kubuni, Baba Neema na Mama Neema. Wana nyumba Kimara yenye hati ya majina yao wawili. Walifunga ndoa, wakapata mtoto mmoja, Neema, ambaye sasa ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza. Ndoa imevunjwa na mahakama, na baba ameamriwa kutoa Sh150,000 kila mwezi. Hajatoa kwa miezi 28. Deni limefika Sh4,200,000.

Nani anaruhusiwa kuuza

Jambo la kwanza ni kwamba Baba Neema hawezi kuuza nyumba hiyo peke yake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, kama ilivyotungwa mwaka 1971, kinakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kukodisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, hata kama hati ina jina lake tu. Kifungu hicho hicho kinampa yule mwenzake maslahi ambayo anaweza kuyalinda kwa kuweka tahadhari kwa Msajili wa Hati.

Sheria ya Ardhi imekwenda mbali zaidi. Inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya matumizi ya mume na mke ni yao wote, kila mmoja akiwa na fungu lake, isipokuwa pale hati inapoonyesha vinginevyo. Aidha, inamtambua mwanandoa ambaye jina lake halimo kwenye hati lakini ametoa nguvu zake katika kuiendeleza ardhi hiyo. Na inamtwisha mnunuzi wajibu ambao wengi hawaujui: ni juu yake kuuliza na kuhakikisha kwamba mwenza, au wenza kama muuzaji ana wake zaidi ya mmoja, wameridhia. Muuzaji akidanganya kwamba hana mke, mauzo yanaweza kutenguliwa kwa ombi la yule ambaye hakuulizwa.

Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za umiliki, maana hati nyingi huandikwa haraka haraka na wenyewe hawajui walichosaini. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao wote wawili wanahesabiwa kama mtu mmoja. Hakuna mwenye fungu lake, uamuzi wa kuuza ni wa wote, na mmoja akifariki yote hubaki kwa aliye hai. Kuna pia umiliki wa mafungu, ambao kila mmoja ana sehemu yake isiyokatwa kwa mipaka, iwe nusu kwa nusu au vinginevyo, na sehemu hiyo huingia katika mirathi yake. Kwa anayetaka kujua deni la mtoto litalipwa kutoka wapi, umiliki wa mafungu ni rahisi zaidi, kwa kuwa fungu la mdaiwa linajulikana. Ule wa kwanza hulazimu mahakama kugawa kwanza, ndipo izungumzie deni.

Swali linalofuata ni la siku zote. Mama Neema anaweza kukataa kusaini hadi alipwe? Anaweza kuweka sharti hilo, na mara nyingi ndilo linalomrudisha mdaiwa mezani. Hata hivyo, asidhani kwamba sahihi yake ni kufuli la milele. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa kati ya wamiliki wa mafungu isizuiwe bila sababu ya msingi, na mmiliki mmoja anaweza kuomba amri ya mahakama ili mali igawanywe au iuzwe. Mahakama itauliza sababu ya kukataa. "Ananidai mtoto, naye anataka kuondoka na fedha zote" ni sababu inayosikilizwa. "Simtaki aoe mwingine kwa fedha za nyumba hii" si sababu.

Deni ni la nani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo makosa mengi yanapofanyika, hata mbele ya watu waliosoma.

Deni la matunzo ni la mzazi aliyeamriwa kulipa. Si deni la nyumba, wala si deni la ndoa. Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 114 kinachohusu mgawanyo wa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, inaitaka mahakama iangalie mambo manne: mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo wa ndoa hiyo. Baada ya kuyapima, mahakama ielekee kwenye usawa wa mgawanyo.

Msomaji aangalie vizuri maneno "kwa manufaa ya wote wawili". Mkopo wa benki uliojengea nyumba unaingia hapo. Deni la mzazi ambaye hakununulia mtoto wake sare wala kumlipia chakula haliingii. Hakuna manufaa ya pamoja katika kutotoa matunzo. Mmoja alibaki na fedha mfukoni na mwingine akaenda kukopa kwa majirani.

Kwa hiyo, deni la matunzo lisitolewe katika jumla ya fedha za nyumba kabla ya kugawana. Litolewe katika fungu la mdaiwa baada ya kugawana. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa maneno, lakini kwa tarakimu inauma.

Tuseme nyumba ya Kimara imeuzwa kwa Sh90,000,000. Benki inadai Sh18,000,000 za mkopo walioukopa wote. Kodi, ushuru wa stempu, uthamini, dalali na wakili vimekula Sh6,000,000. Zimebaki Sh66,000,000, na kila mmoja ana nusu, yaani Sh33,000,000. Deni la Neema ni Sh4,200,000. Likitolewa katika fungu la baba, yeye anaondoka na Sh28,800,000 na mama anaondoka na Sh37,200,000.

Sasa angalia hesabu inayofanywa na wengi. Wanachukua Sh66,000,000, wanatoa deni la Sh4,200,000, zinabaki Sh61,800,000, wanagawana nusu kwa nusu Sh30,900,000 kila mmoja, kisha mama anapewa zile Sh4,200,000 juu. Jumla yake inakuwa Sh35,100,000. Kila mtu anaona deni limelipwa. Ukweli ni kwamba Mama Neema amelipa nusu ya deni ambalo yeye ndiye anayelidai. Amepoteza Sh2,100,000 bila kuona mkono ulioingia mfukoni mwake.

Hesabu hiyo ya pili imo katika makubaliano mengi yanayoandikwa kwa mkono mbele ya wazee wa familia. Si lazima iwe hila. Mara nyingi ni kutojua tu, na haraka ya kumaliza maneno.

Amri ya mahakama kwanza

Yote tuliyoeleza yanasimama juu ya jambo moja ambalo Mama Neema wetu analo na wengine wengi hawana: amri ya matunzo iliyoandikwa. Mahakama haikazi hukumu ambayo haijatolewa. Mzazi anayesema "ananidai miaka minne" huku hajawahi kupeleka maombi mahakamani ana malalamiko ya haki, lakini hana kiasi kinachoweza kukatwa katika bei ya nyumba.

Habari njema ni kwamba si lazima kusubiri talaka. Chini ya Sheria ya Mtoto, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii anaweza kuomba amri ya matunzo, ndoa ikiwepo, ikiwa imevunjika au haikuwapo kabisa. Mahakama itaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu waliyo nayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Inaweza kuamuru malipo ya kila mwezi au ya mkupuo. Amri hudumu hadi mtoto afikishe miaka 18, na inaweza kuendelezwa baada ya hapo kama bado yuko masomoni.

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya mwaka 2009, mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa akitegemea sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha Sh100 kwa mwezi. Sheria hiyo ilidumu hadi wakati ambao Sh100 haikutosha hata nauli ya daladala. Sheria ya Mtoto iliifuta.

Kinyume chake, mgawanyo wa mali ya ndoa hausubiri mtoto bali husubiri talaka au amri ya kutengana. Mahakama hugawa mali inapotoa amri hizo au baada ya kuzitoa. Na kabla ya kudai talaka, kwa kawaida wahusika hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Maana yake ni kwamba kuna kipindi kirefu, pengine mwaka au zaidi, ambacho deni la mtoto linaongezeka kila mwezi huku nyumba bado haijagawanywa. Katika kipindi hicho ndipo mdaiwa mwenye nia mbaya hujaribu kuuza.

Hatua za kujikinga zinajulikana. Kama nyumba ina hati, peleka tahadhari kwa Msajili wa Hati ili mtu yeyote atakayefanya upekuzi aione. Kama shauri liko mahakamani, omba zuio la muda. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kuzuia, na hata kutengua, uhamisho wa mali unaofanywa kwa lengo la kukwepa matunzo. Baba akihamishia kiwanja kwa mdogo wake kwa "zawadi" wiki moja baada ya kuitwa mahakamani, zawadi hiyo inaweza kurudishwa.

Tatizo kubwa ni nyumba zisizo na hati, na hizo ndizo nyingi katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Huko mauziano hufanywa kwa karatasi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi. Hakuna daftari la Msajili la kuwekea tahadhari. Mwenye leseni ya makazi ana nafuu kidogo, kwa kuwa jina lake linajulikana katika ofisi ya ardhi ya manispaa. Asiye nayo apeleke nakala ya amri ya mahakama, au ya maombi yaliyofunguliwa, katika ofisi ya mtaa na apate muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo hauzuii mauzo wenyewe, lakini baadaye hakuna mwenyekiti wala mnunuzi atakayesema hakujua. Na kujua au kutojua kwa mnunuzi ni jambo linalopimwa sana, maana aliyenunua kwa nia njema na baada ya uchunguzi wa kutosha hulindwa.

Dalali wa mahakama anapobisha hodi

Je, anayedai matunzo anaweza kuomba nyumba yenyewe ikamatwe na kupigwa mnada? Hapa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina kinga ambayo inafaa ijulikane kwa pande zote. Nyumba ya makazi, au sehemu ya nyumba, ambayo mdaiwa anaishi pamoja na mke wake na watoto wanaomtegemea, haikamatwi katika kukaza hukumu. Kinga hiyo haiigusi nyumba ya kupangisha, kiwanja kitupu, gari wala fedha zilizo benki.

Kinga hii inaleta mazingira magumu katika aina ya pili ya mgogoro, ambayo inawagusa watu wengi kuliko wanavyokiri. Tuseme Baba Neema hakuachana na mkewe. Ana mtoto mwingine, Mbagala, kwa mwanamke ambaye hakumuoa. Mama wa mtoto huyo amepata amri, na baba hajalipa. Mke wa ndoa, ambaye ni mmiliki mwenza wa nyumba ya Kimara, anapata habari hizo siku ambayo dalali wa mahakama anafika getini.

Mke huyo ana haki ya kupeleka pingamizi mahakamani akieleza kwamba fungu lake si mali ya mdaiwa, na kwamba nyumba ni ya makazi ya familia. Fungu lake halilipi deni la mumewe. Lakini fungu la mume katika kile kiwanja cha Kibaha walichonunua kwa ajili ya siku za usoni halina kinga ya makazi, na mama wa Mbagala anaweza kulifuata.

Na je, wakiamua wenyewe kuuza nyumba ya Kimara? Hapa wengi hujidanganya. Kinga ni ya nyumba inayokaliwa. Ikishauzwa, kilichobaki ni fedha, na fedha za mdaiwa hukamatwa, ziwe benki au bado ziko mikononi mwa mnunuzi aliyelipa nusu tu ya bei. Wapo wanaoona dawa ni kuandika nyumba yote kwa jina la mke kabla ya kuuza. Mke ashauriwe vizuri kabla ya kukubali, kwa kuwa uhamisho huo ukionekana ulikuwa wa kukwepa deni, unaweza kutenguliwa, na yeye ataingizwa katika shauri ambalo halikumhusu.

Mwandishi wa makala haya amesikia mara nyingi katika korido za mahakama watu wakisema mtoto wa nje anakuja "kuharibu nyumba ya watu". Kisheria, mtoto wa Mbagala na Neema wana haki moja ya kutunzwa na baba yao. Ndiyo maana mahakama, inapopanga kiasi, huangalia pia watoto wengine wanaomtegemea. Mke wa ndoa anayetaka kiasi kilichopangwa kizingatie wanawe, ahakikishe mumewe anakwenda kujieleza siku ya kusikilizwa. Amri nyingi zinazoonekana nzito zilitolewa mdaiwa akiwa hakufika.

Njia nyingine ya kukaza amri ni kumpeleka mdaiwa katika kifungo cha madai. Wengi hutishia kifungo hicho, wachache hukifikia, na sababu mojawapo ni ya kushangaza: katika madai, anayeomba mwenzake afungwe ndiye anayetakiwa kulipia chakula chake akiwa gerezani. Mama aliyekosa fedha za chakula cha mtoto hutakiwa kwanza atoe fedha za chakula cha baba. Kukata fungu la nyumba kabla halijatoweka ni njia yenye akili zaidi.

Kusameheana kwa niaba ya mtoto

Katika mazungumzo ya kuachana hujitokeza pendekezo ambalo kwa nje linaonekana la busara: "Chukua nyumba yote, mimi nisidaiwe tena matunzo." Au kinyume chake: "Saini tuuze, nitakupa asilimia 60, lakini futa kesi ya mtoto."

Malimbikizo yaliyopita yanaweza kuzungumzwa, kwa kuwa mzazi aliyebaki na mtoto alikwisha kuyagharamia kwa fedha zake. Matunzo ya mbele ni jambo jingine. Ni haki ya mtoto, na mzazi hawezi kuiuza pamoja na nyumba. Hata wazazi wakikubaliana, mahakama inabaki na uwezo wa kubadili kiasi pale hali inapobadilika: mtoto akiugua, kipato cha mzazi kikipanda au kikishuka. Anayetoa nyumba kwa kuamini amenunua uhuru wa maisha anaweza kushangaa miaka mitatu baadaye akiitwa tena. Na anayepokea nyumba bila fedha za mwezi anaweza kujikuta ana kuta nne na mtoto mwenye njaa. Kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari katika shule za Serikali haina ada, wako wazazi wanaodhani mtoto sasa hana gharama. Waulize wanaonunua daftari, sare na kulipa nauli ya kila siku kutoka Kimara.

Mapatano yenyewe si mabaya. Yanaokoa muda, na mara nyingi yanawafaa watoto kuliko kesi ya miaka mitano. Kinachotakiwa ni kuyapeleka mahakamani yasajiliwe kuwa amri, yakitaja waziwazi ni kiasi gani cha fedha za nyumba ni malimbikizo, ni kiasi gani ni malipo ya mkupuo ya miaka ijayo, na ni kipi ni mgawanyo wa mali tu. Kwa Neema, miaka mitano iliyobaki hadi afikishe 18 ni miezi 60, sawa na Sh9,000,000 kwa kiwango cha sasa. Baba ambaye anajijua kuwa hana mkono wa kutoa kila mwezi anaweza kukubali kiasi hicho au sehemu yake ibaki katika akaunti maalumu wakati wa mauzo. Sheria ya Ndoa pia inaruhusu mahakama kuamuru mali iwekwe chini ya wadhamini ili mapato yake yamtunze mtoto.

Lazima pia igusiwe hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huisoma, ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na tangu hapo mwanamke asiye na ajira hakuambiwa tena kirahisi kwamba hakuchuma kitu. Kinachosahauliwa ni mwisho wa hukumu ile. Bi Hawa mwenyewe hakushinda, kwa sababu ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za kujipatia nyumba naye akazitumia vinginevyo. Mahakama ilitazama kile ambacho kila mmoja alikwisha kupokea au kupoteza. Kwa mzazi aliyebaki na watoto pasipo msaada, hukumu hiyo ina pande mbili: malezi yake yahesabiwe kama mchango, lakini naye awe tayari kuonyesha alivyotumia alichokwisha kupewa. Risiti za shule na hospitali, na ujumbe wa simu wa fedha zilizotumwa au kutotumwa, vitunzwe.

Siku ya kusaini

Mnunuzi mwangalifu hatoi fedha zote kwa muuzaji mmoja. Anaomba ridhaa ya mwenza iliyoapwa mbele ya wakili, anafanya upekuzi wa hati, anauliza majirani kama kuna shauri, kisha mkataba unaandikwa ukitaja akaunti mbili za kulipia, au tatu kama kuna benki ya kumaliziwa mkopo. Mkataba ukisema kwamba Sh37,200,000 zinaingia kwa Mama Neema na Sh28,800,000 kwa Baba Neema, na kueleza kwamba Sh4,200,000 kati ya za mama ni malimbikizo ya matunzo kwa mujibu wa amri ya mahakama, hakuna atakayebishana baadaye. Zikilipwa zote kwa baba kwa ahadi kwamba "tutaonana jioni", mnunuzi amekwisha kupata nyumba na mama amerudi katika foleni ya kudai.

Wasioishi pamoja kwa cheti cha ndoa wasikate tamaa. Mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na jamii kuwa ni mume na mke wanaweza kuomba mahakama itambue dhana ya ndoa na kugawa walichochuma, na amri za watoto hazitegemei ndoa hata kidogo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mashauri ya ndoa na mirathi yana kituo chake jumuishi cha masuala ya familia Temeke, na maombi ya matunzo husikilizwa katika mahakama za watoto. Asiye na fedha za wakili anaweza kwenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, kikiwamo Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA). Aende na vitu vitano: nakala ya hati au karatasi ya mauziano ya kiwanja, cheti cha ndoa au cha talaka, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, amri ya matunzo kama ipo, na karatasi moja aliyoandika mwenyewe ikionyesha mwezi kwa mwezi ni lini alilipwa na ni lini hakulipwa. Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo watu wengi hufika bila kuwa nayo, na ndiyo inayoulizwa kwanza.